Wote Wanaomlisha Waje Kumuaga

Kabla hakujapambazuka, sufuria la Gunia lilianza kusugua sakafu. Krrr, kimya. Krrr tena. Nilijua bila kufumbua macho kwamba amelisukuma kwa pua kutoka jikoni, amelipitisha sebuleni, na sasa amelifikisha mlangoni kwangu. Mbwa wengine wakitaka kula hubweka. Huyu wa kwetu anakuletea chombo.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Hata mimi sijalala."

Magoti yalilalamika kama kawaida yake, nikayapuuza, nikafungua mlango. Alikuwa ameketi kwa adabu, kichwa kikinifika kiunoni. Tulimpa jina la Gunia kwa sababu siku alipoletwa, kitoto cha miezi miwili, alijibwaga katikati ya sebule akalala, na kila aliyepita ikabidi amruke. Siku hizi hakuna awezaye kumruka. Ananizidi uzito, na usingizi pia ananizidi.

Nilimpashia chakula, nikachovya kidole kuona kama kimepoa, nikampakulia. Alipomaliza alinilamba mkono mpaka kwenye kifundo, nami nikamwacha. Kisha nikautazama ule mkono chini ya taa, nikaona aibu.

Mjukuu wangu alitokea amejifunika shuka mabegani. "Bibi, mbona mapema hivi?"

"Muulize mwenye sufuria."

Akacheka kidogo. Yeye ni fundi miwani. Mchana kutwa anapima macho ya watu na kukata vioo, na akikutazama unahisi kuna kitu anakisoma ndani ya mboni yako. Nikajifanya nafuta meza.

"Tunatoka saa mbili," akasema. "Vaa viatu vya kufunga, kule kuna matope."

"Nilikuwa nawaza nibaki. Mama yako ana mizigo ya kufunga."

"Bibi."

"Mizigo mingi."

"Bibi, yule mtu atakayekaa na Gunia ana sharti moja tu. Wote wanaomlisha mbwa waje kumuaga. Na anayemlisha ni wewe. Ukibaki hatampokea, na safari ndiyo imekwisha."

Safari yenyewe ilikuwa ya nyumba nzima, wiki tatu, kwenda kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa amepiga simu kusema kuna mpima ardhi, mtu mtaratibu, hana makelele, na Jumapili atakuja kula chakula cha mchana ili waonane. Mjukuu wangu hakukataa. Alisema, "Nitamwona. Kumwona si kuolewa." Lakini alilisema kama mtu aliyekubali kung'olewa jino.

Tatizo lilikuwa Gunia. Jirani yetu mshonaji alijitolea, akamchukua jioni moja kwa majaribio. Gunia akaona paka, jirani akaburutwa hadi mtaroni, na kesho yake akaja kutuambia kwamba anatupenda sana ila kwa mbali. Mlinzi wa duka la jirani aliuliza kama mbwa anakuja na kofia ya chuma ya kumvalisha mlinzi. Mwisho muuguzi wa kliniki ya wanyama akatupa namba ya mtu anayelea mbwa wakubwa, huko nje kidogo ya mji, wenyewe wakiwa safarini. Mjukuu wangu alipiga simu akiwa amesimama kando yangu. Sauti ya upande wa pili iliposema "haloo," nilimwona akishika ukingo wa meza.

"Nina mbwa," akasema.

"Najua," sauti ikajibu. "Nilimleta mimi."

Alikuwa yeye. Zamani hizo alifanya kazi ya kuosha na kutunza mbwa pale kliniki, na sasa watu walimwita Mlezi. Miaka miwili iliyopita alimpa mjukuu wangu kile kitoto cha mbwa, na wiki moja baadaye akaja nyumbani kwetu kujitambulisha. Hakumaliza saa nzima. Jioni ile alituma ujumbe wa maneno mawili, "Nisamehe. Siwezi," na hakuonekana tena. Mjukuu wangu alilia mwezi mzima, kichwa chake mapajani mwangu, akiniuliza amemkosea nini yule mtu. Nami nilimsuka nywele nikimwambia, "Sijui, mama."

Nilikuwa najua. Mimi ndiye niliyemfukuza.

Na Jumapili angeketi mbele ya mpima ardhi akiamini kwamba mwanamume wa kwanza aliyempenda hakumtaka. Nilikuwa na asubuhi ile moja tu.

Binti yangu, mama yake, alitusindikiza hadi kwenye gari. "Tunapeleka mbwa," akamwambia mwanawe. "Mbwa tu. Sitaki kusikia umeacha na moyo huko."

"Moyo nimeshaufunga kwenye sanduku, mama. Si wewe uliyenisaidia kukaza mkanda?"

Baba yake ndiye aliyeendesha. Gunia alichukua kiti chote cha nyuma, nami nikapewa pembe iliyobaki. Njia nzima kichwa chake kilikuwa pajani kwangu, akihema na kunilowesha gauni. Nilipanga maneno. Kila nilipofika kwenye neno lenyewe, gari liliruka shimo, likanipotea.

Nyumba ya Mlezi ilikuwa ya chini, na ua mpana uliozungushiwa waya. Upande mmoja kulikuwa na vyumba vya mbao vya mbwa, vimefagiliwa, kila mlango umeandikwa jina kwa chaki. Niliona jambo moja nikalipenda kabla sijamwona mwenyewe. Kila chumba kilikuwa na dirisha lililotobolewa chini kabisa, usawa wa macho ya mbwa, likielekea langoni.

Baba yake alisema anakwenda kuongeza upepo kwenye matairi, atarudi baada ya saa moja, maana basi letu ni la saa sita. Akaondoka. Mlezi akatoka ndani akifuta mikono kwa taulo.

Alikuwa amekonda. Miwani yake, ambayo mjukuu wangu aliitengeneza kwa mikono yake, ilikuwa imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Alisimama hatua tano kutoka kwetu, na wale wawili wakatazamana kama watu wanaosubiri mwingine aanze kubeba mzigo.

"Karibuni," akasema.

"Asante."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

Hakuna alichonionyesha usoni, si hasira wala dharau. Aliniletea kigoda, akaniona nikishika goti, akarudi ndani akaja na blanketi, akalikunja mara mbili na kuliweka juu ya kigoda ili nisikalie mbao. Nikakaa juu ya wema wake, na ulinichoma kuliko msumari.

Alichuchumaa, Gunia akamnusa viatu kwa muda mrefu, kisha akamwekea kidevu begani.

"Umekua, bwana mkubwa," Mlezi akamnong'oneza. Akatoa daftari na penseli, akamgeukia mjukuu wangu bila kumtazama usoni. "Anakula mara ngapi?"

"Mara mbili. Asubuhi analeta sufuria mwenyewe."

"Anaogopa nini?"

"Radi. Na mashine ya jirani ya kufulia."

"Radi ikipiga anakwenda wapi?"

"Kwa Bibi. Anaingiza kichwa chini ya kitanda, mwili wote unabaki nje, anadhani amejificha."

Mlezi akacheka. Mjukuu wangu naye akacheka, kisha wote wawili wakaacha kwa pamoja, kama waliokanyaga kitu kilicholala.

"Miwani yako imevunjika," mjukuu wangu akasema.

"Imelegea tu."

"Nani alifunga uzi?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Mlezi akaandika kitu kwenye daftari, sidhani kama kilikuwa neno.

"Mjini kuna maduka ya miwani," mjukuu wangu akaendelea.

"Yapo."

"Na hukwenda."

"Duka ninalolijua ni moja. Sikuwa na uso wa kuingia."

Nilitazama mikono yangu. Mjukuu wangu akakunja kamba ya Gunia, akaikunjua, akaikunja tena. "Hili sharti lako la kuaga," akasema, "limetoka wapi? Sijasikia mtu mwingine analo."

"Kuna mbwa mmoja nilimpokea mwanzoni. Mwenyewe alichomoka wakati mbwa anakunywa maji, akadhani ndivyo itakuwa rahisi. Yule mbwa alikaa pale langoni siku sita. Chakula hagusi. Kila gari likipita anasimama. Tangu hapo simpokei mbwa mpaka wenyewe wakae naye saa moja, wamwambie wanakwenda, waondoke akiwaona."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua nini?"

"Inavyokuwa kwa aliyeachwa bila kuagwa. Unajua vizuri kabisa, mpaka umeitungia sharti." Hakupaza sauti. Mjukuu wangu akiwa na uchungu husema polepole. "Mbwa wa watu siku sita zimekuuma. Mimi miaka miwili, nilikuwa nasimama kwa kila gari."

Mlezi alifungua mdomo. Macho yake yakanijia mimi, mara moja tu, upesi, kisha akayaondoa na kuyashusha chini.

"Ulikuwa uoga wangu," akasema. "Sina sababu nyingine."

Alinifichia. Nilikuwa nimeketi pale mbele yake, mzee mzima, na alichagua yeye aonekane mwoga kuliko mimi nionekane nilivyo. Kisha, kama mtu anayekimbia maneno, akasema atanitengenezea chai.

Bomba lilikuwa nje, karibu na mlango wa jiko, sote tukiliona. Alileta kikombe. Akakiosha kwa sabuni, akakisuuza. Akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika mpaka mvuke ukamfunika miwani. Akakimwaga, akakisuuza tena kwa maji ya moto, kisha akakiinua kwenye mwanga kunielekea mimi, akikizungusha, ili nione pande zote.

"Ni safi, Bibi," akasema. "Vikombe vya wageni naviweka kabati la peke yake. Mbwa hawafiki huko."

Hakunikejeli. Kama angenikejeli ningeweza kuvumilia. Alisema kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kuzoea, anayefanya hivyo kwa kila anayeingia kwake. Na mimi ndiye niliyemfundisha.

Akaniwekea chai mkononi. Nikaishika, haikuinuka.

"Mama," nikamwita mjukuu wangu. "Njoo usimame hapa."

"Bibi, chai itapoa," Mlezi akasema haraka. "Kunywa kwanza."

"Iache ipoe. Umenibeba vya kutosha."

"Bibi, nakuomba. Haina haja."

Mjukuu wangu alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa yale macho yake ya kazini. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile Mlezi alipokuja kujitambulisha, alikunywa chai kwenye kikombe chetu cheupe. Alipotoka uani kucheza na Gunia mdogo, nilikichukua kile kikombe kwa vidole viwili. Nilikipeleka jikoni, nikakimiminia maji yanayochemka, kisha hata hivyo nikaona haitoshi, nikakitupa kwenye pipa la taka. Na nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, kwamba mikono inayoshinda ikishika mbwa haiwezi kushika vyombo vyetu, seuze kumshika mtoto wetu.

"Nilipogeuka," nikasema, "alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta kisahani. Wageni wote wanaacha vyombo mezani, yeye aliona atanipunguzia safari. Aliniona, akanisikia. Akasema, 'Samahani Bibi, nilisahau kisahani.' Akakiweka juu ya meza taratibu kisilie, akatoka."

Gunia alijilaza kati yetu, akapiga miayo.

"Ulikuwa unanisuka nywele," mjukuu wangu akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nakuuliza nimekosa nini, wewe unanisuka."

"Ndiyo, mama."

"Na Gunia unamlisha kwa mkono. Anakulamba mpaka kwenye kiwiko."

"Hiyo ndiyo inayoniamsha," nikasema. "Kila asubuhi. Nilimpenda huyu mbwa kidogo kidogo, bila kujijua, na siku nilipojiona namkuna sikio huku nala mkate, nikajua nilichomfanyia mtu. Ningekwambia siku ile ile. Niliona aibu. Na kila siku niliyonyamaza, aibu iliongezeka, nikazidi kunyamaza."

Aligeuka akaenda mpaka kwenye waya, akasimama akitugeuzia mgongo. Mlezi alipiga hatua kumfuata, akasita. Nikamnyooshea mkono abaki. Tukamsubiri.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu ila makavu, na hakuanza na mimi.

"Wewe," akamwambia Mlezi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Huyu ndiye aliyekulea mama yako akiwa kazini. Ulinieleza mwenyewe. Ukiumwa unamwita yeye kwanza. Ningekwambia, ungelazimika kuchagua."

"Ulijua ningechagua nani?"

"Nilijua. Ungekuja kwangu. Halafu ungekuwa huna Bibi. Nikaona nisiwe mtu wa kukunyang'anya."

"Kwa hiyo mlinichagulia. Nyote wawili. Mmoja kwa maji ya moto, mwingine kwa kunyamaza. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza."

Nikaona uso wa Mlezi ukibadilika, nikajua kwamba mpaka siku ile alikuwa akidhani amefanya jambo jema. Sasa tulikuwa wawili tulioinamisha vichwa.

"Vua miwani," mjukuu wangu akasema.

"Nini?"

"Vua. Siwezi kuendelea kuutazama huo uzi."

Akavua. Mjukuu wangu hutembea na bisibisi ndogo kwenye mkoba, ndogo kama sindano, na kidebe cha skrubu zisizoonekana. Alikaa chini kwenye ngazi ya jiko, akakata uzi kwa meno, akainamia kazi. Vidole vyake vilijua njia.

Mlezi alisimama mbele yake akipepesa. Bila miwani haoni hata hatua mbili. Nadhani hilo ndilo lililomsaidia.

"Sikuoni usoni," akasema, "kwa hiyo nitasema. Kila mteja anayeleta mbwa namuuliza mbwa anaogopa nini. Nikifika nyumbani najiuliza mwenyewe. Jibu ni moja miaka yote miwili. Naogopa siku utakayoacha kunikasirikia."

Bisibisi ilisimama. Kisha ikaendelea kuzunguka.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Asante."

"Usinishukuru. Inama."

Akainama, naye akamvalisha miwani, akaikandamiza nyuma ya masikio kwa vidole vyake, kushoto, kisha kulia. Wakawa karibu sana. Alipofungua macho na kumwona, sura yake ilikuwa ya mtu aliyebadilishiwa vioo, siyo skrubu. Mjukuu wangu hakuondoa mikono upesi. Nikageuka nikaitazama chai yangu, nikainywa yote, baridi hivyo hivyo, mpaka majani ya chini.

"Jumapili kuna mtu anakuja kwa shangazi," nikamsikia akimwambia. "Mpima ardhi. Nitampigia shangazi simu nikiwa kwenye basi. Asimsumbue mtu wa watu. Lakini usije ukadhani nimekuahidi kitu. Nataka wiki tatu za kufikiri, na safari hii nifikiri mimi."

"Fikiri," Mlezi akasema. "Nitakuwa hapa."

"Huo ndio mwanzo mzuri."

Nilijaribu kuinuka. "Mama, mimi nakuomba radhi—"

"Si leo, Bibi." Hakuwa mkali. Ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa mpole. "Leo usiniombe. Niache nisafiri nayo kwanza."

Saa yetu ilikuwa imeisha. Tukafanya kama sharti linavyosema. Mjukuu wangu alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika Gunia mashavu, akamwambia ni wiki tatu, kwamba anakwenda na atarudi. Mimi nikamwambia asibakishe chakula, na radi ikipiga amfuate mwenyeji wake, huenda kitanda chake ni cha juu kuliko changu. Gunia alisikiliza, akatunusa mikono, mmoja baada ya mwingine. Kisha Mlezi akashika kamba, nasi tukaelekea langoni akituona.

Siku zote mjukuu wangu hunishika mkono mahali penye mawe. Safari hii alitangulia. Nilitembea mwenyewe, polepole, na nikaona ni haki. Lakini pale penye dimbwi alisimama, bila kugeuka, mpaka nilipolivuka, ndipo akaendelea.

Honi ya gari ililia. Mjukuu wangu akapanda. Mimi nikabaki nimeshika nguzo ya lango. Maneno niliyoyapanga njia nzima hayakuwepo hata moja. Mlezi alikuwa hatua chache nyuma yangu, Gunia kando yake, ananitazama kwa subira kama anayesubiri mzee apate pumzi.

"Baba," nikamwambia. "Tukirudi, usituletee huyu mbwa ukaishia mlangoni. Uingie ndani, ukae. Yeye ataamua la kwake, mimi silisemei. Hili ni langu. Njoo tena nyumbani kwetu, mjukuu wangu. Njoo, nakuomba."